Nani Alimfichua Oedipus? Majaaliwa na Kujitambua katika Tanzia za Wagiriki wa Kale

Hadithi ya Mfalme Oedipus ikitajwa, iwe darasani au katika mjadala wa mitandaoni kuhusu bahati na nuksi, muhtasari huwa ni ule ule: alitabiriwa kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake, akakimbia, akajikuta ametenda yote mawili, basi lililoandikwa halifutiki. Wanafunzi huuandika muhtasari huo kwenye mitihani, na wanaoiona hadithi hiyo kuwa ya kikatili huutumia kuuliza ni miungu gani ile inayomtega mtoto mchanga.

Kasoro ya muhtasari huo ni kwamba unasimulia mambo yaliyotokea kabla pazia halijafunguka. Tamthilia ya *Mfalme Oedipus* ya Sophocles, mtunzi wa Athens, inapoanza, baba ameshauawa miaka mingi iliyopita, na ndoa ina watoto wanne. Jukwaani hakuna mauaji ya Laius, baba yake, wala harusi ya Jocasta, mama yake. Kilichopo, tangu mstari wa kwanza, ni uchunguzi: mfalme anatafuta muuaji, na muuaji ni yeye. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza linahusu ugunduzi. Oedipus alifichuliwa na nani? Ukilijibu hilo vizuri, suala la majaaliwa nalo litakaa mahali pake.

Maneno ya kushika kwanza

Siku hizi neno tanzia likitokea kwenye simu yako, unajua kuna mtu amefariki. Katika fasihi maana yake ni tofauti kidogo: ni tamthilia nzito inayomfuata mtu mwenye hadhi katika mgeuko mkubwa wa maisha yake. Kifo si sharti. Ipo tanzia ya Euripides, *Iphigenia huko Tauris*, ambayo dada na kaka wanatambuana na kuokoka pamoja. Ipo *Eumenides* ya Aeschylus, ya mwaka 458 KK, inayoisha kwa kesi kuamuliwa na mji kupata amani.

Tanzia hizi zilichezwa Athens katika tamasha la Dionysia Kuu, kila mwaka majira ya kuchipua, kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis. Watunzi watatu walishindana, na kila mmoja alileta tanzia tatu na mchezo mmoja wa kuchekesha wa masatiri, yaani viumbe nusu mtu nusu mnyama. Wenye kusema jukwaani walikuwa waigizaji watatu tu, wote wanaume, waliobadilishana vinyago ili kuzigawa nafasi zote. Pamoja nao kulikuwa na koro, yaani kundi la watu 15 waliocheza na kuimba kama wazee wa mji, wanawake wa nyumbani au mabaharia. Sophocles anasemekana kutunga tamthilia zaidi ya 120. Zilizotufikia nzima ni saba.

Moira ni fungu, yaani mgao wa mtu katika uhai, hasa mwisho wake. Utabiri wa Delphi ni kauli iliyotolewa kwenye hekalu la huko kwa niaba ya mungu Apollo na kuhani wa kike aliyeitwa Pythia. Unajisi, kwa Wagiriki, uliweza kumpata mtu hata asiye na nia mbaya: damu iliyomwagwa ilimchafua aliyeimwaga, na uchafu huo uliweza kuuambukiza mji mzima kwa tauni, mavuno mabaya na mimba kuharibika. Kwa hiyo kuwa najisi na kuwa na hatia ni mambo mawili, na asiyeyatenganisha hatamwelewa Oedipus hata kidogo.

Yapo pia maneno matatu ya mwanafalsafa Aristotle, aliyeandika kuhusu tanzia karne moja baadaye. Mgeuko ni pale tendo linapozaa kinyume cha lililokusudiwa. Utambuzi ni kutoka kutojua kuingia kujua, hasa kujua nani ni nani. Kosa, kwa Aristotle, ni kukosea shabaha, mara nyingi kwa kutojua jambo la msingi. Alisema wazi kwamba mhusika wa tanzia haangukii shimoni kwa sababu ya uovu wake.

Fungu la Kigiriki na kadari

Msomaji wa Kiswahili anafika kwenye tanzia hizi akiwa tayari na msamiati: kadari, majaaliwa, jaala, kudura. Maneno hayo yamelelewa na dini. Nyuma yake yupo Mungu mmoja aliye mjuzi na mwenye hekima, na lipo tumaini la hesabu baada ya kifo. Akiyahamishia Ugiriki bila kuyapima, ataanza kutafuta hekima na huruma ambayo watunzi wale hawakuahidi.

Moira haina mwandishi mmoja. Katika *Iliad*, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy, Zeus mwenyewe, mkuu wa miungu, anamtazama Sarpedon, mwanawe, akienda kufa vitani, na moyo wake unagawanyika kama amwokoe au la. Hera, mkewe, anamwonya kwamba akifanya hivyo, kila mungu atataka kuokoa mwanawe. Zeus anamwacha mwanawe afe, na anadondosha mvua ya damu juu ya ardhi kwa uchungu. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha mamlaka huko, na hata hapo fungu halifutwi kirahisi. Vilevile hakuna mahali katika *Mfalme Oedipus* ambapo yeyote anaeleza kwa nini Oedipus ndiye aliyepewa fungu hilo. Matoleo mengine ya kisa yanataja dhambi za zamani za Laius. Sophocles ameziacha nje. Anayesema Apollo alitaka kumfunza Oedipus adabu ameongeza jambo ambalo tamthilia haina.

Tena kutabiri si kusukuma. Ukitazama marudio ya mechi ambayo matokeo yake unayajua, kila pasi bado inapigwa na mchezaji mwenyewe, na beki anayeteleza hatelezi kwa sababu wewe unajua atateleza. Apollo ana ujuzi wa namna hiyo kuhusu Oedipus. Watazamaji wa Athens walikuwa nao pia, kwa kuwa kisa kilikuwa cha zamani: Aeschylus alikuwa amekwisha kupata tuzo ya kwanza mwaka 467 KK kwa tamthilia tatu za ukoo huo huo. Waliokaa kwenye mteremko ule hawakuwa wakingoja kujua kitatokea nini. Walikuwa wakitazama mtu akitenda.

Namna utabiri unavyoshirikiana na mtu inaonekana vizuri zaidi kwa mwanahistoria Herodotus, katika kisa cha Croesus, mfalme wa Lydia. Croesus aliuliza Delphi kama apigane na Waajemi. Akajibiwa kwamba akifanya hivyo ataangamiza dola kubwa. Akaenda vitani, na dola iliyoangamia ikawa yake. Baadaye alituma pingu zake Delphi kulalamika, na jibu alilopewa ni kwamba alipaswa kuuliza ni dola ipi. Utabiri ulikuwa kweli. Aliyejaza nafasi iliyoachwa wazi, kwa tamaa yake mwenyewe, ni Croesus.

Oedipus naye alijaza nafasi, ila kwa wema. Huko Corinth, mlevi mmoja karamuni alimtupia neno kwamba si mtoto halisi wa Polybus, mfalme aliyemlea pamoja na mkewe Merope. Akaenda Delphi kuuliza wazazi wake ni nani. Apollo hakulijibu swali hilo. Alimwambia tu atamuua baba yake na kuzaa na mama yake. Tazama alichofanya: swali lililompeleka likafa pale pale. Alirudi kuamini kwamba Polybus na Merope ndio wazazi, na kwa kuwapenda akaapa asikanyage Corinth tena. Uamuzi huo wa heshima ndio uliomfikisha kwenye njia panda ya barabara tatu, katika nchi ya Phocis, alipokutana na gari la mzee mmoja. Mzee alimpiga kichwani kwa fimbo yenye ncha mbili ya kuswagia wanyama, naye akalipiza kwa gongo lake. Watu walikuwa watano, na mmoja tu alipona.

Jinsi ukweli unavyotolewa

Tamthilia nzima ina mistari ipatayo 1,530. Namba ninazozitaja hapa ni za maandishi ya Kigiriki, na tafsiri nyingi huzichapa pembeni mwa ukurasa. Kwa Kiswahili, tafsiri ya Samuel Mushi, *Mfalme Edipode*, ilitoka mwaka 1971. Fuatilia uchunguzi hatua kwa hatua ukiuliza jambo moja: nani anataka uendelee?

Tauni imeushika mji wa Thebes. Creon, shemeji wa mfalme, anarudi kutoka Delphi na agizo: mwondoeni muuaji wa Laius, maana ndiye unajisi. Papo hapo Oedipus anaanza kuhoji kama mpelelezi hodari. Aliuawa wapi? Alikuwa akienda wapi? Hakuna shahidi? Creon anajibu kwamba aliyepona alisema wanyang'anyi ni wengi. Oedipus, katika mstari wa 124, anajibu kwa umoja: mnyang'anyi angethubutuje bila kulipwa na mtu wa mjini? Wengi husoma mstari huo bila kusimama. Kwa watu waliojua kisa, ulikuwa unachoma.

Kisha anatoa laana. Muuaji asikaribishwe, asisemeshwe, asishirikishwe sadaka. Na kama yumo nyumbani mwangu nami najua, laana hii inipate mimi. Hakuna mungu aliyemwekea maneno hayo kinywani. Delphi iliagiza tu muuaji afukuzwe au auawe.

Anaitwa Tiresias, mtabiri kipofu, na anakataa kusema. Anaomba aachwe aende nyumbani. Oedipus anamsihi, anamkaripia, mwishoni anamtuhumu kwamba alishiriki mauaji. Hapo mzee anapasuka: katika mstari wa 362 anamwambia waziwazi kwamba muuaji anayemtafuta ni yeye.

Yaani ukweli umekwisha kutamkwa tamthilia ikiwa robo yake tu. Oedipus ataukubali kwenye mstari wa 1182. Kati ya kuambiwa na kujua ipo mistari 820, na hiyo ndiyo tanzia yenyewe. Kwa nini hakuamini? Sababu zake zina mantiki. Mtabiri alisema kwa hasira baada ya kutukanwa. Ni Creon aliyeshauri aitwe, na Creon ndiye angefaidika mfalme akiondoka. Mtabiri huyo huyo hakufumbua neno siku Sphinx, lile zimwi la vitendawili, lilipoula mji, na Oedipus, mgeni, ndiye aliyetegua kitendawili kwa akili zake. Zaidi ya yote, baba yake yupo hai Corinth, au ndivyo anavyodhani. Ukweli ulioletwa na mtu mwingine haukuwa na mahali pa kukaa ndani ya mambo aliyoyajua kuhusu nafsi yake.

Anayeutengenezea mahali, bila kutaka, ni mkewe. Jocasta anamtuliza: usiogope watabiri, hawajui kitu. Laius aliambiwa atauawa na mwanawe, lakini mtoto huyo alifungwa miguu na kutupwa mlimani akiwa hajatimiza siku tatu, na Laius akaja kuuawa na wanyang'anyi kwenye njia panda ya barabara tatu. Jocasta alikuwa analeta ushahidi dhidi ya utabiri. Oedipus hakusikia habari ya mtoto. Alisikia njia panda. Maswali yanamtoka mfululizo: mahali gani? Lini? Laius alikuwa na umbo gani? Alisafiri na watu wangapi? Kila jibu linalingana. Linabaki tegemeo moja, kwamba aliyepona alisema wanyang'anyi walikuwa wengi, na mtu mmoja hawezi kuwa wengi. Aitwe huyo aliyepona, ambaye sasa ni mchungaji. Jocasta anataja jambo lingine: mtu huyo, alipomwona Oedipus juu ya kiti cha enzi, alimshika mkono malkia akaomba apelekwe mashambani, mbali na mji asiuone. Huyo alikuwa anajua. Alikaa kimya miaka yote hiyo.

Kabla mchungaji hajafika, anaingia mjumbe kutoka Corinth na habari kwamba Polybus amekufa kwa uzee. Oedipus anashangilia, maana hatamuua tena baba. Amebaki kumwogopa mama. Mjumbe, kwa nia njema kabisa na kwa kutumaini bakshishi, anamwondolea hofu: Merope si mama yako, nilikupokea mimi mwenyewe mlimani Kithairon kutoka kwa mchungaji wa Laius, miguu yako imetobolewa. Aristotle aliuchagua wakati huu kuwa mfano wake wa mgeuko: mtu amekuja kufariji, na faraja hiyo hiyo imekuwa kisu.

Jocasta ameelewa. Anamwomba aache kutafuta. Anaingia ndani bila kusema zaidi, na Oedipus anadhani anaona aibu kwamba mumewe huenda ni mtoto wa mtumwa. Acha yatokee ya kutokea, anasema, nitakiona chimbuko changu hata kama ni duni.

Jambo lililofuata ndilo ufunguo wa tamthilia, na kwenye uchambuzi wa shuleni mara nyingi halitajwi. Mchungaji huyo wa Laius ndiye yule yule aliyepona, na aliitwa aulizwe swali moja: walikuwa wangapi njia panda? Anapofika, swali hilo haliulizwi kamwe. Limefunikwa na swali jingine, lile la zamani alilolipeleka Delphi na kulitelekeza: mimi ni mtoto wa nani? Uchunguzi wa jinai umegeuka kuwa uchunguzi wa nafsi, na jibu la pili limelibeba la kwanza. Mchungaji naye hataki kusema, mikono yake inasokotwa nyuma ili aseme. "Niko ukingoni mwa kutamka jambo la kutisha," analia. "Nami ukingoni mwa kulisikia," anajibu Oedipus, "lakini sina budi nisikie."

Sasa hesabu. Tiresias alitaka kunyamaza, Jocasta akaomba iishie hapo, mchungaji akasihi asiulizwe. Katika kila kituo kulikuwa na mtu aliyemfungulia mlango wa kutokea, na katika kila kituo Oedipus akaufunga.

Anayedhani ugunduzi huo nao ulikuwa sehemu ya kisa tangu zamani amsome Homer. Katika kitabu cha 11 cha *Odyssey* yupo mama wa Oedipus, akiitwa Epicaste, amejinyonga kama huku. Lakini kule miungu ndiyo iliyolifichua jambo kwa watu, tena upesi, na Oedipus akaendelea kutawala Thebes katika mateso. Hapigiwi mbiu ya kufukuzwa, hajitoboi macho. Sophocles aliuchukua ugunduzi kutoka mikononi mwa miungu akautia mikononi mwa mtu.

Mkono wa nani?

Baada ya Jocasta kujinyonga, Oedipus anachomoa vibanio vya dhahabu vya vazi lake na kujichoma macho, mara nyingi, si mara moja. Mtumishi anayesimulia anatumia maneno mazito: haya ya sasa ni mabaya ya kutaka, si ya kutotaka, na yanayouma zaidi ni yale mtu anayojichagulia. Kisha koro inamuuliza ni mungu gani aliyemsukuma. Jibu lake liko kwenye mstari wa 1329 na inayofuata: ni Apollo aliyeyatimiza mateso yangu haya, lakini aliyepiga kwa mkono wake si mwingine ila mimi.

Soma jibu hilo bila haraka ya kuchagua upande. Upofu ulikuwa umetabiriwa. Tiresias aliusema kabla ya kuondoka. Na bado mtumishi anauita wa kutaka, na mwenyewe anasema mkono ni wangu. Wagiriki hawakuona hapo mgongano unaohitaji kutatuliwa. Tendo moja linaweza kuwa la mungu lote na la mtu lote kwa wakati mmoja, wala hawakuligawa nusu kwa nusu. Aeschylus anafanya vivyo hivyo kwa Agamemnon, kiongozi wa jeshi la Wagiriki, huko Aulis, anapodaiwa kumchinja binti yake ili upepo uzipeleke meli Troy: koro inasema alijivika nira ya lazima. Nira ni ya lazima, ila mwenye kujivika ni yeye.

Methali zetu mbili zinavutana juu ya jambo hili hili. Moja inasema ajali haina kinga. Ya pili inasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Anayesoma tanzia ya Kigiriki kwa methali ya kwanza peke yake anamfanya Oedipus kuwa jiwe lililoviringishwa mlimani. Anayesoma kwa ya pili peke yake anamnyima machozi. Sophocles ameonyesha msiba ambao sehemu yake kubwa mtu alijitafutia kwa miguu yake, na akatufanya tuulilie.

Kutoka methali ya pili ndiko linakotoka kosa la "kiburi". Vitabu vingi vya mwongozo husema Oedipus aliadhibiwa kwa kiburi au hasira. Hasira anayo, na anamtendea Creon vibaya kwa tuhuma zisizo na ushahidi. Lakini pima nyakati. Utabiri ulitolewa kabla hajazaliwa, na mauaji na ndoa vilitendeka miaka mingi kabla ya ugomvi wake na Tiresias. Hakuna kiburi cha leo kinachoweza kuadhibiwa kwa tendo la jana. Mnigeria Ola Rotimi, alipokihamishia kisa hiki kwa Wayoruba katika tamthilia iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1968, aliipa jina linalosema miungu isilaumiwe, na akaipa hasira na ukabila nguvu kubwa katika kumwangusha mfalme. Huo ni uamuzi wake, wenye uzito wake katika Nigeria ya wakati wa vita vya Biafra. Kumrudishia Sophocles uamuzi huo ni kuchanganya kazi mbili.

Kosa la pili linatokana na Sigmund Freud, aliyedai kwamba kisa hiki kinatugusa kwa sababu kila mtoto wa kiume ana hamu iliyofichika ya mama na uadui na baba. Kama nadharia ya saikolojia, ijadiliwe huko. Kama maelezo ya tamthilia, inakwama mahali pamoja: mwanamke ambaye Oedipus alimjua kuwa mama tangu utoto ni Merope, na aliacha urithi, nyumba na nchi ili awe mbali naye. Jocasta alipewa pamoja na kiti cha enzi kama zawadi ya mji kwa kuushinda Sphinx.

Si kila utambuzi ni wa Oedipus

Aristotle aliupanga utambuzi kwa ubora. Wa chini kabisa ni wa alama za mwilini au vitu, na wa juu ni ule unaotokana na matukio yenyewe, kama huu wa Oedipus. Lakini jukwaa la Athens lilikuwa na namna nyingine, na moja inastahili kusimamiwa.

Katika *Bacchae* ya Euripides, iliyochezwa baada ya kifo chake, Agave anarudi kutoka mlimani akiwa na wazimu wa mungu Dionysus, ameshika kichwa anachodhani ni cha simba. Ni cha Pentheus, mwanawe. Baba yake mzee, Cadmus, hamwambii. Anamwongoza kwa maswali madogo. Tazama juu angani. Ni ile ile au imebadilika? Inang'aa zaidi kuliko mwanzo, anasema Agave. Uliolewa katika nyumba ya nani? Ulizaa mtoto gani? Basi mikononi mwako umeshika uso wa nani? Wa simba, ndivyo wawindaji walivyosema. Tazama sawasawa. Wanaofanya kazi ya kuwarejesha watu kutoka mshtuko watautambua utaratibu huo: macho kwanza, kisha jina, kisha ukoo, na jambo lenyewe mwisho. Kwa Agave hakuna uchunguzi wa hiari. Tendo lilifanywa akili ikiwa imechukuliwa, na kujitambua ni kurudishiwa akili ili aone. Akiulizwa nani alimfichua, jibu ni baba yake, kwa huruma, kwa sababu kumwacha katika wazimu kungekuwa ukatili mwingine.

Creon wa *Antigone*, tamthilia nyingine ya Sophocles, anatambua haraka lakini kwa kuchelewa. Anatii onyo la Tiresias, lakini anakwenda kwanza kuizika maiti aliyokataza isizikwe, kisha kumfungua Antigone aliyemfungia kaburini akiwa hai, na mpangilio huo unamgharimu mwana na mke.

Maandishi ya "jijue" kwenye hekalu la Delphi yanahusika hapa, ingawa leo yanasomwa kama wito wa kuchunguza hisia zako. Wagiriki waliyasikia zaidi kama onyo: jua kwamba wewe ni binadamu, una mpaka na utakufa. Kwa maana hiyo kujitambua hakumfanyi mtu kuwa mpole au mwema. Ushahidi ni Oedipus mwenyewe uzeeni, katika *Oedipus huko Colonus*, iliyochezwa mwaka 401 KK baada ya Sophocles kufa. Kipofu huyo anajitetea sasa kwa sauti kuu: nilipigwa nikajihami, sikujua ni nani, kwa sheria mimi ni safi. Unajisi anaukubali, hatia anaikataa. Wala hasira haijamtoka. Mwanawe Polynices anakuja kuomba baraka ya kuushambulia mji wa Thebes anaoutawala ndugu yake, na mzee anamlaani: mtauana ninyi kwa ninyi.

Polynices amesikia yote. Hana fumbo la kutegua kama Croesus, wala wazazi wa uongo kama baba yake. Dada yake Antigone anamshika: lirudishe jeshi, huoni unakwenda kuyatimiza maneno ya baba? Anajibu kwamba baba ndivyo atakavyo, ila yeye hawezi kukubali kukimbia na kuchekwa na mdogo wake. Anaongeza kwamba askari hatawaambia, maana jemadari mwema hutaja yaliyo mazuri na kunyamazia mabaya. Anawaombea dada zake wema, anawasihi wamzike, na anaondoka kwenda Thebes.